Uno au ESP32 kwa kurekodi hali ya udongo?

Ndugu yangu, maadamu unataka kurekodi unyevu na joto la udongo kila dakika 10, na shambani hakuna umeme, chukua ESP32. Hii na Uno zote ni bodi ndogo za kielektroniki unazoziprogramu zisome sensa. Arduino Uno R3 ni nzuri sana kwa kujifunzia, lakini RAM yake (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ni KB 2 tu, na laibrari (msimbo uliokwisha andikwa) ya kuandika kwenye kadi ya SD peke yake inameza baiti 512. Tena bodi hiyo inakula takriban mA 45 hata ikiwa imekaa bure. Betri ya mAh 2,000 haimalizi siku mbili.

ESP32 ukiilaza usingizi mzito (deep sleep) kati ya vipimo, matumizi ya chipu yanashuka hadi kama µA 10, yaani mA 0.01. Ila chunguza bodi yenyewe: nyingi zina kitaa chekundu kinachowaka usiku na mchana. Changu niliking'oa kwa kibano, na betri ikadumu zaidi.

Saa usiitegemee ile ya ndani, inapotea taratibu. Weka DS3231, moduli ya saa yenye betri yake ndogo. Na kama sensa ya unyevu inatoa volteji, ipitishe kwenye ADS1115, chipu ya nje ya kugeuza volteji kuwa namba, kwa sababu ADC (kigeuzi kama hicho) ya ndani ya ESP32 husoma vibaya volteji inapokaribia 0 au 3.3.