Risasi ya paja, leso na P3

SWALI: Sista, asalaam aleikum. Nauza mahamri Kisauni, Mombasa. Mwezi uliopita majambazi walivamia duka la M-Pesa lililo karibu nami, wakafyatua risasi, kijana wa bodaboda ikampata pajani. Damu ilikuwa ikiruka. Watu wakapiga kelele asiguswe mpaka polisi waje, eti bila P3, ile fomu ya polisi, hospitali haimpokei. Mwingine akaja na koleo aichomoe risasi. Mimi nilimfunga leso juu ya kidonda nikakaza kwa nguvu zangu zote, lakini damu haikukoma. Alipona, alhamdulillahi, ila kwa taabu. Nilikosea wapi?

JIBU: Waaleikum salaam, mamangu. Tuanze na leso, maana hapo ndipo penye swali lako.

Damu inayoruka hutoka kwenye ateri, mshipa ambao damu yake husukumwa na moyo wenyewe. Ateri ya paja imelala ndani, chini ya nyama. Leso iliyofungwa kwa mikono tu hubana vile vishipa vya juu vinavyorudisha damu moyoni, lakini ateri haiguswi, inaendelea kumwaga. Kwa hiyo ukaze utakavyo, damu yaweza hata kuzidi. Mtu mzima ana lita 5 hivi za damu, na ateri hiyo ikikatika, dakika chache zatosha kumwua. Gari halijavuka hata daraja la Nyali.

Dawa ya kwanza ni mikono yako. Mlaze chini, chana suruali ukione kidonda, ukunje kitambaa ukisukumize ndani ya tundu kwa kidole mpaka lijae, kisha uegemee juu kwa viganja viwili, mikono imenyooka, uzito wa mwili wote. Wewe unakanda unga kila alfajiri, nguvu hiyo unayo. Tofauti ni kwamba unga unabonyeza na kuachia, hapa huachii. Usifunue kuchungulia kama imekoma, utaling'oa donge la damu lililoanza kuganda. Kitambaa kikiwa kichafu si neno. Uchafu tutapambana nao sisi wa hospitali kwa dawa na sindano ya pepopunda, ila damu iliyobaki barabarani hatuwezi kuirudisha.

Ikishindikana, ndipo leso ifanye kazi uliyoitaka. Ikunje iwe mkanda wa upana wa vidole vitatu au vinne, uifunge juu zaidi ya kidonda, upande wa kinena, si kwenye goti lenyewe. Weka mwiko wako juu ya fundo, funga fundo la pili, uzungushe mwiko hadi damu ikome, kisha uufunge usirudi nyuma. Atapiga mayowe, pengine akutukane. Mwache atukane, usilegeze. Kumbuka saa uliyofunga utuambie, kwa kuwa mguu huvumilia saa 2 hivi kabla hatari haijaanza kuzidi.

Hayo ni ya mguu na mkono. Kifuani na tumboni usishindilie kitambaa ndani. Na mgeuze umtazame mgongoni pia: risasi huingia kwa tundu moja na mara nyingine hutokea kwa jingine, na hilo la pili ndilo husahauliwa.

Mwenye koleo mfukuze. Risasi iliyotulia mwilini haina haraka, hata sisi mara nyingine tunaiacha humo humo.

Sasa P3. Jambo hili limewamaliza watu bure. P3 ni karatasi ya kesi: polisi huitoa, daktari huijaza, mahakama huisoma. Haihusiki na kumpokea mgonjwa. Ibara ya 43(2) ya Katiba ya Kenya inakataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura, na Sheria ya Afya ya 2017 inaweka faini ya hadi shilingi milioni 3 kwa hospitali inayoweza kumtibu ikakataa. Polisi watamkuta wodini. Hakikisha tu wenye bunduki wameondoka kabla hujamkimbilia, na maganda ya risasi yaliyo chini usiyaokote.

Piga 999 au 112, lakini ambulansi ikikawia, tuktuk ni bora kuliko kumbana katikati ya wawili juu ya pikipiki. Alale, mmoja abaki amebonyeza njia nzima, afunikwe asipate baridi. Asipewe maji wala soda, huenda akaingia chumba cha upasuaji.

Nilikaribia kusahau jambo ambalo hukuliuliza. Mikono ya mkaanga mahamri haikosi vidonda vya mafuta, nawe uliishika damu ya mtu. Dawa za kuzuia virusi vya ukimwi huanzwa ndani ya saa 72, humezwa siku 28. Muda huo umekupita, basi nenda kituo cha afya kilicho karibu wiki hii ukapimwe ukimwi na homa ya ini aina ya B, uwaeleze tarehe ya tukio.