Maumivu baada ya kupandikiza jino: vidonge, barafu, maji ya chumvi na karafuu

Usisubiri ganzi iishe ndipo utafute dawa. Kwa mtu anayekwenda kupandikiza jino, huu ndio ushauri ninaoutanguliza. Daktari anatoboa mfupa wa taya, anakaza humo skrubu ndogo ya titani itakayoshika jino la bandia, anashona fizi, na muda wote huo unachosikia ni mtetemo tu. Saa chache baadaye ganzi inaachia. Maumivu yakishapanda, kuyashusha ni kazi. Mimi nilimeza vidonge mdomo ukiwa bado mzito, na usiku ule nilipata usingizi.

Nilifanyiwa Dar es Salaam, na kwangu ni Mtwara. Ukitoka huku kusini kwenda kutibiwa, omba pa kulala kwa ndugu, usirudi na basi la kesho yake alfajiri. Uvimbe hufika kileleni siku ya pili au ya tatu, na safari ya kutwa nzima na kidonda kibichi ni kujitesa bure.

Niliandikiwa ibuprofeni na paracetamol kwa pamoja. Watu wengi wanaogopa kuchanganya hizo mbili, lakini kila moja inafanya kazi kwa njia yake, na zikiwa pamoja hutuliza maumivu ya meno vizuri kuliko moja peke yake. Ila vipimo viheshimiwe. Paracetamol kwa mtu mzima isizidi gramu 4 kwa saa 24, yaani vidonge 8 vya miligramu 500. Ibuprofeni imezwe baada ya kula. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, pumu, mjamzito, au anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, amweleze daktari kabla hajaigusa. Na diklofenaki ni ya kundi hilohilo la ibuprofeni, kwa hiyo usiziunganishe. Ukienda duka la dawa, taja kwanza unachomeza tayari, maana muuzaji hawezi kubuni.

Barafu ni ya siku mbili za mwanzo. Ifunge kwenye kitambaa, weka shavuni kwa nje dakika 20, pumzika dakika 20, rudia. Umeme ukikatika, kitambaa kilicholowekwa maji ya mtungini kinasaidia kidogo. Lala umeinua kichwa kwa mito miwili. Ukilala chali kabisa, taya linapwita.

Sasa karafuu. Shangazi yangu alinipokea na kikopo cha mafuta yake. "Tia hapo, mwanangu, patakufa ganzi." Ni kweli, karafuu ina eugenoli, na madaktari wa meno wenyewe huitumia. Lakini jino lililotoboka ni kitu kimoja, na fizi iliyochanwa ikashonwa ni kitu kingine. Mafuta yale makali yanaunguza nyama mbichi. Nilimwambia, "Ahsante shangazi, hii ngoja kwanza kidonda kifunge," akaelewa. Asprini ya kusagwa isiwekwe kwenye fizi, nayo inaunguza. Na huku kwetu kwenye mikorosho lazima niliseme hili: mafuta ya ganda la korosho yasikaribie kinywa. Aliyewahi kubangua korosho anajua yanavyochubua vidole, fikiria fizi.

Dawa ya jikoni niliyoiamini ni chumvi. Siku ya kwanza usisukutue kabisa, kwa sababu donge la damu linalokaa kidondoni ndilo linalokikinga. Baada ya saa 24, tia nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye glasi ya maji ya uvuguvugu, usukutue kila baada ya kula. Ukitumia chumvi ya mawe, hakikisha imeyeyuka yote, isije punje ikakaa kwenye nyuzi. Usikoroge kinywani kwa nguvu wala usiteme kwa kishindo: inamisha kichwa upande mmoja, kisha mwingine, acha maji yadondoke.

Chakula kiwe laini na kisichochoma: uji uliopoa, supu ya samaki iliyochujwa, parachichi, maji ya dafu ya kunywa kwenye kikombe bila mrija. Korosho za kukaanga ziache, vipande vyake hujificha kwenye mshono. Sigara na ugoro viache kabisa. Vinachelewesha kidonda, na skrubu inahitaji miezi mitatu hadi sita kushikana na mfupa. Uraka na nipa, pombe zetu za mabibo, navyo ngoja, hasa kama umeandikiwa antibiotiki ya metronidazole. Antibiotiki uliyoandikiwa uimalize, usiyoandikiwa usiinunue.

Maumivu ya kawaida hupungua baada ya siku ya tatu. Yakiongezeka badala ya kupungua, ukaona usaha, homa, harufu mbaya, au mdomo unashindwa kufunguka, rudi kwa daktari wa meno aliye karibu. Usiwaze nauli ya Dar kwanza. Damu ikiendelea kutoka, uma shashi safi kwa nguvu nusu saa bila kuchungulia, na isipokoma nenda hospitali. Na kama mdomo wa chini au kidevu bado ni ganzi kesho yake, piga simu siku hiyohiyo kwa aliyekufanyia, kwa sababu huenda mshipa wa fahamu umebanwa, na akiwahi anaweza kuilegeza au kuitoa skrubu.