Miaka siikumbuki, nitaandikaje maisha yangu?

SWALI: Nina miaka 78. Ujanani nilikata mkonge, baadaye nikalima machungwa hapa Muheza. Nimejaza madaftari manne kuhusu maisha yangu, ila miaka mingi siikumbuki. Kijana wa steshenari mjini Tanga anasema ataniwekea tarehe na kuninyooshea lugha, kiwe kitabu. Nimpe?

JIBU: Shikamoo mzee. Usimpe.

Kumbukumbu haitunzi miaka, inatunza mfuatano: kipi kilitangulia, nani alikuwa hai, mtoto yupi alikuwa mgongoni. Shika mambo ambayo mwaka wake unajulikana, uyapange yako katikati: Mapinduzi ya Zanzibar, Januari 1964, Azimio la Arusha, Februari 1967, Vita vya Kagera, 1978 hadi 1979, kifo cha Waziri Mkuu Sokoine, Aprili 1984. Ukiandika "Sokoine alipofariki, michungwa yangu ilikuwa imeanza kuzaa," umeshatoa tarehe. Pasipokumbukika, acha hivyo hivyo.

Kinachonichosha mimi mhariri ni miswada iliyokwisha kupitiwa na hawa mafundi wa kujaza mapengo. Mzee kasimulia kwamba shamba la mkonge lilichukuliwa na serikali "baada ya Azimio"; fundi kaandika "tulipopata Uhuru, 1961". Mashamba ya mkonge yalitaifishwa Oktoba 1967! Msomaji akilinasa kosa hilo, hata uliyoyaona kwa macho yako atayatilia shaka.

Na huko kunyoosha lugha ndiko balaa lenyewe. Korona ya mkonge inageuzwa "mtambo wa kuchakata majani", manamba wanakuwa "wafanyakazi wahamiaji", kipande kinakuwa "kadi ya mahudhurio". Juu yake zinabandikwa kurasa tatu za historia ya Mkoa wa Tanga, zile zile alizobandikiwa mteja wa jana. Mhariri wa kweli atakurekebishia herufi, nukta na aya (asubuhi isiwe "hasubuhi"), na palipofichika atakuuliza wewe.

Wengine wenye madaftari kama haya, jihadharini pia na anayedai fedha kwanza "akukatie hakimiliki". Kwa sheria ya mwaka 1999, haki ni yako tangu ulipoandika; usajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ni ushahidi tu. ISBN, namba ya kukitambulisha kitabu, hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba, nayo si cheti cha ubora, hata ikitajwa kwa mbwembwe namna gani. Msisaini karatasi yoyote inayomfanya mchapaji kuwa mwandishi mwenza. Na madaftari yasitoke nyumbani: anayechapa apewe fotokopi.