Maswali ya Wasomaji: Klabu ya Raga ya Llanelli

SWALI: Mhariri, hapa Nakuru wazee wa klabu yetu husimulia kwamba timu ya mji mmoja mdogo wa Wales iliwahi kuifunga New Zealand katika mchezo wa raga. Je, habari hiyo ni ya kweli, na kama ni ya kweli, mji huo uliwezaje? (Msomaji, Nakuru)

JIBU: Ni kweli, ndugu msomaji, na wazee wenu hawakutia chumvi. Mji huo ni Llanelli, ulioko pwani ya kusini-magharibi mwa Wales, na klabu yake huhesabu kuwa ilizaliwa mwaka 1872. Katika karne hiyo watu wa Llanelli waliishi kwa makaa ya mawe, kwa shaba, na zaidi ya yote kwa viwanda vya bati la makopo, yaani mabamba membamba ya chuma yaliyochovywa katika bati iliyoyeyushwa. Vijana waliotoka katika viwanda hivyo ndio waliocheza, na jamaa zao ndio waliojaza uwanja wa Stradey Park, ambao klabu iliuhamia mwaka 1879. Miaka miwili baadaye, viongozi wa klabu 11 walipokutana katika mji wa Neath kuunda chama cha raga cha Wales, Llanelli ilikuwa mojawapo.

Jambo la kuzingatia ni kwamba raga hii ya wachezaji 15 (rugby union) haikuruhusu mchezaji kulipwa hadi mwaka 1995. Klabu za kaskazini mwa Uingereza, zilizocheza raga ya aina nyingine yenye malipo, zilikuwa zikija Wales kuwashawishi wachezaji kwa fedha, na wengi waliondoka, hasa kazi zilipoadimika. Albert Jenkins, shujaa wa Llanelli katika miaka ya 1920, alibaki nyumbani ingawa aliishi kwa kazi ya mikono. Nadhani bila kumtaja mtu wa namna hiyo mtu hawezi kuielewa klabu hii, kwa sababu aliyevaa jezi nyekundu Jumamosi alikuwa jirani yako kazini Jumatatu.

Ndivyo ilivyokuwa hata siku ya Jumanne, tarehe 31 Oktoba 1972, New Zealand ilipofika Stradey Park mbele ya watazamaji wapatao 20,000, wakati klabu ikiadhimisha miaka 100. Kocha alikuwa Carwyn James, mwana wa mchimba makaa ya mawe wa kijiji cha Cefneithin, ambaye kazi yake ilikuwa ualimu. Mwaka mmoja kabla ya hapo alikuwa amekiongoza kikosi cha Lions, kinachokusanya wachezaji bora wa Uingereza, Scotland, Wales na Ireland, kwenda New Zealand, na kikosi hicho kikashinda mfululizo wa mechi rasmi dhidi ya timu ya taifa huko, jambo ambalo hakuna kikosi kingine cha Lions kilichowahi kulifanya katika nchi hiyo. James aliwajua wapinzani wake kwa undani, na alikuwa na wachezaji watatu waliosafiri naye katika ziara ile: nahodha Delme Thomas, Derek Quinnell na Chico Hopkins. Katika chumba cha kubadilishia nguo Thomas aliwaambia wenzake kwamba angekuwa radhi kuzitoa heshima zote alizopata akiwa na Wales na Lions, mradi washinde siku ile, na inasimuliwa kwamba baadhi yao walitoka wakilia.

Trai pekee ya mechi, yaani bao la kuugusisha mpira chini ng'ambo ya mstari wa goli wa wapinzani, ilipatikana mapema. Phil Bennett wa Llanelli alipiga penalti ikagonga mwamba, mpira ukarudi uwanjani, na skramu-hafu wa New Zealand (mchezaji anayeunganisha wachezaji wa mbele na wa nyuma), Lindsay Colling, akaupata na kujaribu kuupiga nje. Kabla haujafika mbali, Roy Bergiers wa Llanelli alilizuia teke lile na kuuangukia mpira ng'ambo ya mstari. Wakati huo trai ilikuwa na pointi 4, si 5 kama ilivyo leo, na Bennett alipoongeza 2 kwa teke linalofuata trai ikawa 6-0. Joe Karam aliipatia New Zealand pointi 3 kwa penalti, kisha Andy Hill akafunga penalti ya mbali katika kipindi cha pili, matokeo yakawa 9-3. Muda mwingi uliobaki Llanelli ilikuwa ikilinda tu, mtu akianguka mwenzake anamfuata, na kwa maoni yangu kazi hiyo ya kukaba ndiyo inayostahili sifa kuliko trai yenyewe, ambayo mtu anaweza kusema ilikuwa na bahati ndani yake.

Kuna jambo moja zaidi kuhusu Carwyn James ambalo ningependa lijulikane na kila mpenzi wa raga barani Afrika. Timu ya makaburu wa Afrika Kusini ilipokuja kucheza na Llanelli mwezi Januari 1970, yeye, aliyeupinga ubaguzi wa rangi waziwazi, aliwaandaa wachezaji wake ipasavyo, kisha mechi ilipoanza akakataa kutoka kuitazama na kubaki chumbani. Llanelli ilifungwa kwa pointi moja tu, 10-9. Mwaka huohuo aligombea ubunge wa Llanelli kwa tiketi ya Plaid Cymru, chama cha kizalendo cha Wales, ingawa hakushinda.

SWALI: Nimeona picha ya milingoti ya uwanja wao ikiwa na sufuria nyekundu kileleni. Sufuria zinahusiana vipi na raga? (Msomaji, Dodoma)

JIBU: Viwanda vya mji huo vilitengeneza pia sufuria, na mashabiki wa Llanelli wana wimbo wao wa Kiwelshi, Sosban Fach, unaohusu sufuria ndogo inayochemka motoni katika nyumba yenye kila aina ya misukosuko. Mwaka 1908 klabu iliifunga timu ya Australia 8-3, na kwa furaha ya siku hizo wimbo ukaongezewa maneno ya kuuliza ni nani aliyeifunga Australia. Australia ilifungwa tena huko mwaka 1967, na tena mwaka 1992 kwa 13-9, ikiwa ndiyo bingwa wa dunia.

SWALI: Siku hizi nasikia habari za Scarlets tu. Je, Llanelli ilibadilishwa jina? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Hapana, ingawa mkanganyiko huo ni wa kawaida. Scarlets lilikuwa jina la utani la klabu tangu zamani kwa sababu ya rangi ya jezi. Mwaka 2003 chama cha raga cha Wales, kikiona kwamba klabu nyingi hazimudu gharama za mchezo wa kulipwa, kiliunda timu chache za kanda ili zishindane Ulaya, na mojawapo ikaitwa Llanelli Scarlets, jina ambalo baadaye lilifupishwa kuwa Scarlets. Klabu ya Llanelli yenyewe iliendelea kucheza ligi ya ndani ya Wales, ngazi moja chini ya timu ya kanda. Stradey Park iliachwa mwaka 2008, timu ya kanda ikahamia Parc y Scarlets, uwanja mpya upande wa mashariki wa mji, ambako milingoti pia iliwekewa sufuria zake. Kwa hiyo ushindi wa 1972 na vikombe vinne mfululizo vya Wales kuanzia 1973 hadi 1976 ni vya klabu, na mwandishi anayeviandika chini ya jina la timu ya kanda, iliyoundwa miongo mitatu baada ya siku ile ya Stradey Park, anawanyima haki yao waliovitolea jasho.