Jibu: Nichangie matibabu ya mbega au upandaji miti?
Ndugu, umeuliza hiyo elfu mbili yako ya kila mwezi iende kutibu mbega wa Diani, pwani ya Kenya, au kupanda miti. Mimi ningeanza na kuzuia ajali. Mbega ni kima wa kuishi juu mitini. Msitu ukikatwa vipandevipande, atavuka barabara na kugongwa, au atashika nyaya za umeme zisizofunikwa. Colobus Conservation, shirika la kuhifadhi mbega huko Diani lililoanza 1997, huwapokea majeruhi hao, ila kazi yao ninayoipenda zaidi ni zile ngazi za kamba zinazoning'inia juu ya barabara ili mbega wavukie, na kupogoa matawi yaliyokaribia nyaya. Changia hapo, miti ifuate. Na ukija likizo usiwarushie mkate, tafadhali! Tumbo la mbega ni la majani.