Usimwachie fundi laptopu ikiwa na diski ndani

Mkuu uliyeniandikia kutoka Kasulu, nenda kaichukue hiyo mashine leo leo. Umeandika kwamba Dell yako, Latitude E6430, ilizimika pale umeme ulipokatika na kurudi, haitoi taa hata moja, na fundi anataka umwachie "apige Windows", yaani aiweke upya, kwa elfu thelathini. Unauliza pia ununue chaja ipi, na kama ni wakati wa kufunga SSD, ile diski isiyozunguka. Mashine kwanza.

Windows inakaa kwenye diski. Ukibonyeza kitufe, umeme unaingia kwenye madabodi, ile bodi kuu ya ndani, halafu BIOS, programu ndogo ya kuanzisha mashine ambayo ina chipu yake humo humo kwenye madabodi, inakagua prosesa na RAM (kumbukumbu ya muda), na baada ya hapo ndipo inatafuta diski. Taa, feni na ile nembo ya Dell vyote vinatangulia. Laptopu nzima ukiitoa diski inawaka kama kawaida, inakuandikia tu kwamba haioni diski ya kuanzia. Sasa anayekwambia mashine iliyozima kabisa inahitaji Windows, ama hajui kazi, ama anaijua na amekuona mgeni. Windows ingekuwa inafufua vitu, tungeipiga hata kwenye pasi zilizoungua.

Nina hasira kwa sababu maneno hayo hayo niliambiwa mimi. Nilikuwa na duka la stesheneri Mwanga, hapa Kigoma mjini. Usiku umeme ulikatika-katika, asubuhi laptopu ya dukani ikagoma. Fundi niliyeelekezwa akasema Windows imekufa. Nikamuuliza, mafaili yangu je? "Hayaguswi, bosi." Jioni akaibonyeza mwenyewe mbele yangu, ikawaka, kioo amekifuta kwa spiriti hadi kinang'aa. Kwenye skrini kulikuwa na kapu la taka peke yake. Folda zote hazipo. Nilipombana akasema kweli: kilichoiwasha ni RAM, aliichomoa, akaisugua kwa raba, akairudisha. Windows aliipiga baada ya hapo, mashine ikiwa imeshapona, ili bei aliyonitajia ipate maelezo!

Mle ndani kulikuwa na hesabu za VICOBA yetu, kikundi chetu cha kuweka na kukopa: hisa, mikopo, marejesho, mfuko wa jamii. Ilibidi kila mwanachama alete kitabu chake, mimi na mweka hazina tunajaza upya mstari kwa mstari. Aliyelipa rejesho siku ambayo kitabu alikisahau nyumbani akaonekana anadaiwa. Watu waliokuwa wanapelekeana futari wakanuniana. Fundi nilipomrudia akanijibu, "Ungesema kama una vitu vya maana." Nilisema. Na hata kama mtu hakusema, laptopu yake haifomatiwi bila ruhusa yake. Kuna mafundi waaminifu, nawajua, na hao ndio wa kwanza kukuuliza umehifadhi wapi mafaili yako.

Kwa hiyo diski inatoka kwanza na inabaki kwako. Kwenye E6430 ni kazi ndogo. Chomoa chaja, toa betri, geuza mashine. Diski imeshikwa na skrubu mbili. Zifungue kwa bisibisi ndogo ya nyota, uivute itoke ubavuni. Iweke pakavu, isianguke. Ukitaka kuona mafaili yako, ifunge kwenye kikasha cha USB uichomeke kwenye kompyuta nyingine. Kama uliifunga kwa BitLocker, kufuli la Windows la kulinda diski, utadaiwa ufunguo wa tarakimu 48, uutafute kwenye akaunti yako ya Microsoft.

Sasa bila diski na bila betri, shikilia kitufe cha kuwashia kama nusu dakika, umeme uliobaki utoke. Chomeka chaja peke yake, washa. Ikiwa bado kimya, umeshapata ushahidi: diski haimo, ugonjwa upo, Windows inahusikaje? Hapo shuku chaja, RAM au madabodi yenyewe. Chaja ipime kwa multimita (kipima umeme), itoe kama volti 19.5, au azima ya jirani mwenye Dell kabla hujanunua. Zile za Dell zina pini katikati inayoitambulisha chaja kwa mashine. Ukiuziwa isiyotambulika, mashine inaweza kuwaka lakini betri isiingie chaji.

Fundi akikwambia hawezi kutengeneza bila diski yako, mwambie atumie yake ya majaribio. Hana? Tafuta mwingine. Tatizo la umeme halitengenezwi kwa mafaili ya mteja.

Na kama ukifika ukakuta ameshapiga, izime hapo hapo, usiingize kitu. Kwenye diski ya kuzunguka, kufomati kwa haraka kunafuta orodha tu. Mafaili yenyewe yanabaki mpaka yaandikwe juu yake, na Windows mpya imeshakalia sehemu. Mimi sikuambiwa na mtu, nikaendelea kuchapisha kazi za wateja jioni ile ile juu ya hesabu za watu.

Ukishaitoa, rudi hapa useme: chaja peke yake, diski mkononi mwako, kuna taa inayowaka? Zipi, na zinamweka au zimetulia? Dell huonyesha hitilafu kwa taa hizo.