Mashine ya kupanga komponenti: kazi iko kwenye fida, si kwenye kasi

Karibu kila anayefikiria kununua mashine ya kupanga komponenti kwenye bodi za saketi huniuliza kwanza inapanga ngapi kwa saa. Matangazo huandika maelfu. Maelfu hayo hupatikana fida zote (vifaa vinavyoilisha mashine komponenti zilizopangwa kwenye tepu) zikiwa zimejaa, kamera ya ukaguzi imezimwa, na bodi ni ileile asubuhi hadi jioni. Karakana ndogo za hapa Dar es Salaam haziendi hivyo. Leo mna bodi za kuchaji betri za sola, keshokutwa za kuendesha pampu ya maji, na muda mwingi unaliwa na kupakia tepu, kusahihisha faili na kukagua. Kichwa cha mashine, kinachobeba komponenti, kinapoanza kukimbia, sehemu ngumu imeshapita.

Ninazungumzia mashine za mezani zenye nozeli (ncha za kunyonyea komponenti) mbili hadi nne, kamera moja inayotazama bodi kutoka juu na nyingine inayotazama komponenti kutoka chini ikiwa imenyonywa na nozeli.

Anza na meza. Kichwa kinakwenda, kinasimama na kugeuka ghafla, na meza nyepesi hutikisika pamoja nacho. Rizista ya ukubwa uitwao 0402 ina urefu wa milimita 1 na upana wa nusu milimita, hivyo mtikisiko mdogo tu huitelezesha juu ya pesti, yaani uji wa solda unaopakwa kwenye bodi. Tafuta meza nzito ya chuma, au ya mbao nene iliyofungwa ukutani. Kisha umeme. UPS (betri ya akiba) si anasa hapa kwetu: umeme ukikatika katikati ya bodi, mashine haijui tena kichwa kiko wapi, nawe unabaki kukisia ilifikia komponenti ipi. Waya wa ardhi nao uwe wa kweli, si soketi yenye tundu la tatu lisilofika popote, maana filamu ya tepu inapobanduka huzalisha umeme tuli, na umeme tuli huua IC (saketi nzima ndani ya kipande kimoja) kimyakimya.

Kabla ya kuwasha, kagua eneo lote ambalo kichwa kinapita. Ncha ya tepu iliyochomoza au kibano kilichosahaulika vinatosha kupinda nozeli, kwa sababu jambo la kwanza mashine hufanya ni kutafuta sifuri yake: kichwa huelekea pembeni mpaka kiguse swichi za mwisho. Ikishaipata, ipeleke kwenye alama unayoijua, irudishe sifuri, ipeleke tena. Msalaba wa kamera ukianguka pembeni ya alama, usiendelee na kazi. Angalia mikanda kama imelegea, futa reli, rudia.

Sasa fida. Tepu ya komponenti ndogo ina upana wa milimita 8, na matundu yake ya pembeni yameachana milimita 4. Komponenti za 0603 hukaa moja kila milimita 4, lakini za 0402 hukaa kila milimita 2. Ukisahau kubadilisha hatua ya fida, mashine itachukua moja na kuruka moja, na nusu ya rili (gurudumu la tepu) itaishia sakafuni. Filamu ya juu nayo ivutwe taratibu. Ikivutwa kwa kushtua, komponenti huruka kutoka kwenye vishimo vyake au kusimama kwa ubavu. Kimo cha kuchukulia kinataka subira. Nozeli ikishuka mno hukandamiza tepu ya karatasi, na komponenti hurushwa tepu inaporudi juu. Isiposhuka vya kutosha inanyonya hewa tupu. Ishushe kidogo kidogo huku ukitazama namba ya vakyumu (nguvu ya kunyonya) kwenye skrini, usiliamini jicho. Na ncha ya nozeli iwe nyembamba kuliko komponenti yenyewe, la sivyo itagusa pesti na kuziba.

Kinachonitia hofu kuliko hayo yote hakina kelele: kapasita ndogo za kauri hazina maandishi. Ya nanofaradi 100 na ya pikofaradi 22 zinaweza kufanana kabisa. Rili ikiingia kwenye fida isiyo yake, kamera haitakuambia, bodi itatoka inang'aa, na utaanza kutafuta ugonjwa ambao hauonekani kwa macho. Kwa hiyo kwetu hupakia watu wawili. Mmoja anataja namba ya fida kutoka kwenye orodha bila kutaja thamani, mwenzake anasoma thamani kutoka kwenye lebo ya rili, na wa kwanza ndiye anayelinganisha. Akitaja thamani yeye kwanza, mwenzake ataitikia tu "ndiyo, ndiyo". Inachosha, hasa rili zikiwa ishirini na kitu, lakini hapa ndipo ningekuomba usiwe mvivu.

Faili la nafasi linatoka kwenye programu uliyochorea bodi. KiCad, kwa mfano, inalitoa bila malipo: jina la komponenti, X, Y, pembe na upande wa bodi. Hakikisha vipimo viko kwenye milimita, si kwenye elfu za inchi, na kwamba sifuri iko kwenye kona ya bodi badala ya kona ya ukurasa. Makosa hayo mawili hujitangaza yenyewe, kwa kuwa kichwa kitakwenda kupanga hewani. Pembe ndiyo yenye hila. Sifuri ya mchoraji ni moja, na jinsi kiwanda kilivyoilaza komponenti ndani ya tepu ni nyingine. Transista ya miguu mitatu ikigeuka utaiona mara moja. Diodi na LED hukaa kinyume bila kulalamika, na IC ya mraba yenye pedi (vipande vya chuma vya kuunganishia) pande zote nne inakaa vizuri kwa pembe zote nne, ingawa sahihi ni moja tu.

Dawa yake ni rahisi. Chukua bodi tupu, ibandike tepu ya gundi pande mbili, kisha uiendeshe kazi nzima juu yake bila pesti. Gundi itashika komponenti pale zinapoangukia. Ikague kwa lenzi, nukta ya mguu wa kwanza moja moja, huku mchoro uko mkononi. Komponenti hizo nyingi zinatupwa baadaye, na wenye bajeti hulalamika. Waache walalamike.

Kama bodi unaichora mwenyewe, weka alama za rejea: duara la shaba la milimita 1 lenye nafasi isiyopakwa rangi kulizunguka, mawili kwenye kona zinazotazamana, au bora matatu. Kamera huzitumia kusahihisha bodi iliyokaa mshazari. Bila hizo utalazimika kuielekeza kwenye pedi, na pedi zenye solda ya mawimbimawimbi humeta kiasi cha kuichanganya.

Pesti hukaa kwenye friji, kwa kawaida kati ya nyuzi 2 na 10. Itoe saa kadhaa kabla, na usifungue kifuniko mpaka ifikie joto la chumba. Kwa unyevu wa pwani, kopo baridi likifunguliwa huvuta maji ya hewani, na maji hayo yakichemka ndani ya oveni ya kuyeyushia solda hutawanya vijipira vya solda kila upande. IC nazo zina shida hiyohiyo. Zile za daraja la 3 la kuathiriwa na unyevu huruhusiwa kukaa nje ya mfuko kwa saa 168, lakini hesabu hiyo ni ya hewa isiyozidi nyuzi 30 na unyevu asilimia 60. Februari ya Dar bila kiyoyozi haimo humo. Zifungie na silika (chembe za kunyonya unyevu) ndani ya boksi lisilopitisha hewa mara tu kazi inapoisha, kwa kuwa kuzikausha upya zikiwa ndani ya tepu ya plastiki kunataka joto la nyuzi 40 na siku nyingi. Ukipandisha joto zaidi, tepu inapinda.

Panga fupi kwanza, ndefu mwisho, ili nozeli isigonge kapasita iliyokwisha kaa. Bodi ya kwanza yenye pesti iende peke yake: lenzi, oveni, kisha iwashe na uipime. Solda ya SAC305, aina isiyo na risasi, huyeyuka kuanzia nyuzi 217, na kilele chake mara nyingi huwa karibu na 245. Fuata karatasi ya mtengenezaji wa pesti, maana kila pesti ina tabia zake. Bodi hiyo ikifanya kazi ndipo zifuate nyingine, na hapo unaweza kupandisha kasi kidogo kidogo huku ukihesabu zinazodondoka.

Bodi tano za majaribio sizipandishi mashineni. Kibano, stensili (bati lenye matundu la kupakia pesti) na kiti kizuri vinazimaliza kabla sijamaliza kupakia fida. Mteja akirudi na oda ya mia mbili za mchoro uleule, usiobadilika tena, hapo naondoa turubai kwenye mashine.